Niliyoyatoa Mifukoni

Haya, mmenikalisha kama bi harusi asiyetakiwa, mto huku, mto kule, mnataka niseme. Kila mwaka tarehe hii ni niseme, niseme. Kwani mimi santuri? Na wewe kitinda mimba umenishikia simu mbele ya pua unirekodi, simu yenyewe haina haya, kila mwaka siku kama ya leo inaitapika ile picha bila kuombwa: mimi na Chiriku tuko dobini, kule hospitali tulikokuwa tukifua, aproni zimelowa, tunacheka meno yote nje. Chini yake watu wameandika, "Marafiki wa kweli." Mimi kusoma kwangu ni kwa kuokoteza, lakini maneno hayo nimeyajua kwa sura, kama mtu anavyomjua mbwa aliyemuuma.

Sikilizeni wanangu. Mkubwa, fungua dirisha, lote, maana hao wanawake saba walioketi uani ni wenzangu wa dobini, wamekuja kumkumbuka Chiriku kama kawaida yao, na miguu yangu mwaka huu imegoma, basi sauti itoke peke yake. Binti wa Chiriku naye, fundi wa kushona, yumo humo humo.

Nianze na ya nyumbani. Nyumba hii msiiuze. Chumba cha mbele cha mkubwa, cha nyuma cha kitinda mimba, na jiko ni la wote, nisisikie huko niendako kwamba mmewekeana kufuli. Ule mfereji niliougombania na jirani fundi viatu miaka kumi na mmoja, mrudishieni. Ni wake. Nilijua tangu siku ya kwanza, ila nilikuwa nimeshapayuka mbele za watu, na mtu akishapayuka huona tabu kurudi kinyumenyume. Usicheke, mkubwa, hilo ndilo dogo.

Chumba cha kati nilitaka kumpa binti wa Chiriku. Wiki iliyopita nilimwita, akakaa hapo ulipokaa wewe, akaniuliza, "Kwa nini, mama mdogo?" Nikamwambia kwa nini. Akasema, "Chumba sikitaki. Nataka uyaseme siku yake ikifika, mbele ya wanao na mbele ya hao wanaokulilia kila mwaka." Nikamwambia, "Mwanangu, nitakufa na aibu." Akasema, "Mama yangu alikufa na ya kwako."

Basi yasikieni.

Dobini kazi yangu ilikuwa mifuko. Koti la daktari, gauni la mgonjwa, hakuna nguo iliyoguswa na maji kabla sijaingiza mkono. Sheria yetu tuliikuta: pesa, pete na funguo huenda kwenye kopo la msimamizi; kalamu na pipi ni za mkono ulioziokota; vidonge vinamwagwa chooni. Nikimaliza mifuko, naenda kusimama na Chiriku kwenye rola, lile rola la moto la kunyooshea mashuka, linaloingizwa shuka na watu wawili, kila mtu pembe yake. Nililichukia. Linakuchoma vidole, linakukausha koo. Lakini Chiriku, tuliyempa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, alikuwa akisema, "Dada, rola hili lingekuwa mume ningeshaliacha zamani," na dobi zima linavunjika mbavu.

Siku moja akanyanyua kapu la mashuka mabichi peke yake, mgongo ukalia ka! Akapewa vidonge vya siku kumi. Siku zikaisha, maumivu hayakuisha. Nami juma lile nikatoa kwenye koti moja vidonge vyeupe vyenye mstari katikati, nikavitambua, ndivyo alivyopewa. Nikamtilia kiganjani: "Shika, mgongo usije ukakuua." Hapo, wanangu, nilikuwa bado mtu mwema.

Miezi ikapita, akawa anakuja mwenyewe asubuhi. "Dada, mifuko imesemaje leo?" Jasho linamtiririka na mashine hazijawashwa bado. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi maana niliijua, nilikuwa nayo mkononi. Nikamwambia, "Vipo, ila goti langu leo linaniuma, sijui nani atasimama kwenye rola." Akasema, "Nitasimama mimi, pembe zote mbili." Miaka miwili Chiriku aliingiza mashuka peke yake, anakimbia pembe hii, anakimbia pembe ile, na mgongo wake ule ule, nami niko kwenye kigoda nakunywa chai, jioni nampa vyake nimevifunga kwenye vipande vya karatasi, nimevisokota ncha kama pipi. Alivyozidi kutaka, ndivyo nilivyomzidishia kazi.

Goti langu halikuwa na kitu.

Taratibu maneno yakamwisha. Nyie mlio hapo nje mkasema, afadhali, Chiriku amekua, amepata adabu. Mimi nikaitikia, "Ndiyo, amekua."

Mifuko ikawa haimtoshi tena, akaanza kuchota kwenye vitoroli vya wodini. Muuguzi mkuu akashuka, akatupanga mstari, akauliza nani. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zote zilipita mikononi mwangu. Nikasema, "Mimi ni mtu wa mifuko tu, mama, lakini katazame kabati la Chiriku." Walikuta karatasi, na kila moja ilisokotwa na vidole hivi. Chiriku aliziona, akanitazama. Angeweza kusema. Hakusema. Alifukuzwa mchana ule ule, na mwezi uliofuata mimi nikafanywa msimamizi.

Miezi saba baadaye, tarehe kama ya leo, binti yake alitoka shule akamkuta sakafuni kwenye chumba cha kupanga. Alipovikosa vidonge alikuwa ameshahamia kwenye unga wa kulevya. Nami mazikoni nikasimama, kanga imenyooka kama karatasi, nikasema, "Mgongo ndio uliomuua rafiki yangu." Watu wakalia. Nikaona imependeza. Mwaka uliofuata nikarudia, na uliofuata, kila mara naongeza chumvi, hata nikasema aliniita kitandani akaniusia nimtunze mwanawe. Hakuniusia, sikuwepo. Mara ya mwisho aliponigongea mlango nilizima redio, nikakaa kimya kwenye kochi hilo hilo mpaka nikasikia hatua zake zinakwenda.

Mkubwa, toa mkono kwenye simu. Nimekusikia: "Mama, basi, unatuaibisha." Aibu siwarithishi, nimewarithisha nyumba tu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeamua nijiumbue mwenyewe kabla hakijaingia, maana kiko hapo mlangoni kinavua viatu.

Nipe maji. Kidogo. Basi, basi.

Sauti hii isifutwe. Kila mwaka simu ikiileta ile picha, mwiweke chini yake, wanaoandika "marafiki" waisikie kwanza. Nikifa, asisimame mtu kunisifia, nizikeni kimya kimya mrudi mkale. Binti wa Chiriku msimwite. Akija kwa hiari yake, mpeni kiti cha mbele, na akiwa na la kusema, aachiwe aseme. Na kati yenu, mmoja akiumwa, msimpe mwenzenu cha kumtuliza huku mmeshika bei yake mkono wa nyuma. Mungu awape... awape usingizi mwepesi. Awape mikono safi, kuliko hii. Mkae mnapendana. Mkitukanana, mtukanane mchana, jioni mle pamoja. Amina. Itikieni, basi, sio kunitazama.

Mbona uani kimya?

Nasikia viti. Wanavikunja. Kila mwaka wakimaliza huingia mmoja mmoja, ananishika mkono, ananiambia pole, dada, ulimpenda mwenzio... Mkubwa, chungulia. Nani anakuja huku?

Lango hilo. Lina kutu, linalia. Tena.

Na yule fundi wa kushona? Alitoka wa kwanza... Haya.

Hapana, mwanangu, usiwaite. Kaa. Nihesabie tu... lango limelia mara ngapi?

Nane.

Basi wamekwisha wote.