Uwanja Usiofagiwa Alhamisi

Sogeeni, wanangu, na dirisha mliache wazi, maana nataka niusikie uwanja wakati nasema. Consolatha, keti hapa miguuni. Kornel, acha kusimama mlangoni kama mgeni, ingia unishike mkono. Na wewe Eliya, rubani, mzaliwa wangu wa kwanza, simama hapo penye mwanga nikuone. Usikae, waliokaa ni wale waliokuwapo siku zote. Padri amekwisha nipaka mafuta, kwa hiyo kwa Mungu nimemaliza. Yaliyobaki ni yangu na ninyi, na sina nia ya kuyasema kwa upole.

Nianze na mali kabla pumzi haijanikatikia. Shamba la mahindi ni la Consolatha, na liandikwe jina lake, si la mumewe, hata mume akinuna mpaka Pasaka. Mizinga iliyoko msituni upande wa Usoke ni ya Kornel, ingawa anajua jinsi nilivyokasirika mwaka ule alipopakua asali mbichi kwa haraka zake za kuoa, nyuki wakahama, nami nikamaliza msimu mzima bila kumsemesha. Leo yamekwisha, lakini asirudie. Redio yangu mpeni jirani yetu Shomari, ambaye tumegombania mpaka tangu ndevu zetu zikiwa nyeusi. Mwambieni redio ni yake, na mpaka ni pale pale penye mkonge. Nyumba hii ya vigae, ambayo mmenilaza ndani yake kwa nguvu eti kwa sababu ina feni, aliijenga Eliya na ni ya Eliya. Nikifa msiniagie humu. Nipelekeni hapo ng'ambo ya uwanja, kwenye nyumba ya udongo nilikoishi na mama yenu, hata kama waombolezaji watabanana.

Limebaki jambo la uwanja wa nyumba ile, na hilo ndilo lililonizuia kufa jana.

Babu wa baba yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za watu kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani, kwa miguu, akiwatumikia wageni kama wewe Eliya unavyowatumikia, na sijapata kusikia mtu akimlaumu, kwa sababu mvua za kwanza zilimkuta amerudi, ameshika jembe. Na mkewe huku nyumbani alikuwa na miiko yake: hampi jirani moto wa jikoni kwake, halali nje ya boma, na wala hafagii uwanja nyuma ya msafiri mpaka apate habari kwamba amefika. Ukifagia kabla, umefuta nyayo zake, umemwambia usirudi. Mama yenu Apolinaria alikuwa mtu wa misa ya asubuhi na rozari, lakini mwiko huo wa uwanja aliurithi kwa mama yangu na aliushika kama sala.

Eliya, ulipopata kazi kwenye ndege za ng'ambo tulichinja. Picha yako ya kofia na mistari ya dhahabu mabegani mama yako aliiweka ubavuni mwa Bikira Maria, nikamwambia aisogeze kidogo, asimbane Mama wa Mungu. Mwaka wa kwanza ulikuja. Mwaka wa pili ukasema ratiba. Baada ya hapo ikawa ratiba, ratiba, mpaka neno hilo nikalichukia kuliko neno njaa. Tukikupigia umelala mchana, au uko katika mji ambao mama yako hawezi kuutamka. Watalii wanatoka nchi za mbali kuja hapa Kwihara kutazama tembe alilokaa Livingstone, mtu aliyekuwa anapita tu, na mwanangu hawezi kuja kutazama nyumba aliyozaliwa! Mama yako akaanza kulia jikoni akidhani sisikii. Ndipo ukampa lile neno. Nilikuwa namshikia simu, nikasikia kila kitu: "Usilie mama. Kila Alhamisi asubuhi napita juu yenu nikienda kusini. Ukiona mstari mweupe angani, ndiyo mimi. Nakuona mpaka paa."

Nakuona mpaka paa. Ulisema hivyo, Eliya.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa na Alhamisi. Mama yenu aliamka, akavaa kitenge cha sikukuu, akaenda kusimama kwenye mlango wa jiko, shingo juu, na ole wake atakayegusa ufagio. Makapi ya jana, majani, mavi ya kuku, vyote vikae. Mstari ukitokea alikuwa anauamkia, "Wangaluka, mwanawane," kwa sauti ileile aliyokuamshia wewe ukiwa mdogo uende shule, kisha anangoja mpaka ufifie, na hapo tu ndipo anafagia. Majirani walimcheka, halafu wakachoka kucheka, wakawa wanamuuliza kwa heshima kabisa kama rubani amekwisha pita. Pale aliposimama ardhi ikawa ngumu kama sakafu. Nendeni mkaitazame, hata mvua haijailainisha.

Sasa sikilizeni jambo ambalo ninyi wawili hamlijui.

Mnaikumbuka Alhamisi ile ya masika, kifua kilipombana. Kornel, wewe ulileta bajaji mpaka kizingitini, na muuguzi wa zahanati alikwisha sema apelekwe hospitali mjini bila kuchelewa. Mama yenu akashika mwimo wa mlango wa jiko kwa mikono miwili akasema, "Mtoto bado hajapita." Kulikuwa na mawingu kutoka huku mpaka Nzega, hata jua halikuonekana, sembuse mstari. Tukambembeleza, nikamfokea, Consolatha ukapiga magoti. Akakaa pale na homa yake mpaka giza likaingia, na uwanja mchafu. Ijumaa alfajiri tukambeba hana nguvu za kukataa, akatutoka njiani, kabla hatujafika mjini.

Eliya akaja matangani na mkewe Julieth, na alilia, sikatai. Julieth ni mtoto mwema, hana kosa. Tulikuwa wawili jikoni, anachambua mchele, nikamwonyesha mahali pale pagumu nikamweleza kwa nini ni pagumu. Akaacha kuchambua. Akasema, "Lakini baba, Eliya hajawahi kurusha ndege upande huu. Tangu aajiriwe wanampanga njia za mashariki, India na kuendelea." Hakujua anasema nini, maskini. Mimi nilijua.

Hajapita hata siku moja, wanangu. Mama yenu alikuwa anawaamkia watu wengine.

Consolatha, usinyamazishwe, lia. Kornel, kaa chini, hakuna ngumi mbele yangu. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka aseme mwenyewe, nikamngoja tangu mwaka juzi, na juzi alipofika nikajua sasa atasema, naye akafunga mapazia akalala mchana, kwa kuwa mwili wake unafuata saa za nchi nyingine. Eliya, sema sasa. Sema kwa sauti dada yako asikie.

Mmemsikia? Alitaka kumfurahisha. Ni kweli, nakubali, alimfurahisha. Mama yenu alifurahi mpaka akafa.

Basi wosia wangu juu yako ni huu. Najua begi lako liko tayari, gari linakungoja nje, na ndege yako inaondoka alasiri, maana shirika halijui kwamba una baba. Mahali pale alipokuwa akisimama mama yako ndipo urithi wako. Sikupi shamba wala mzinga, nakupa hapo. Ukiondoka leo, Consolatha ataufagia uwanja nyuma yako kabla vumbi la gari halijatua, wala hatatupa jicho barabarani, na udongo wa kwanza kaburini kwangu, ambao ni wa mzaliwa wa kwanza, atautia Kornel. Wala usitume maua. Au ushike ufagio, uufagie mwenyewe ule uwanja, leo na kila asubuhi mpaka mnizike, na hao wenye ndege watafute mtu mwingine wa kuwarushia. Usinijibu, umekwisha nijibu kwa simu miaka mingi. Toka nje.

Amekwenda? Vizuri. Kornel, nipe maji kidogo. Kidogo tu.

Consolatha, mama yangu, Mungu akupe kama ulivyonipa, na watoto wako wakuangalie hivi unavyoniangalia. Kornel, nyuki wakukubali, na nyumba yako isiwe na siku ya kungojea mtu. Msigombane. Mkigombana, gombaneni mkiwa mmeketi pamoja, kisha mle. Nizikeni karibu na Apolinaria, upande wa... upande wa jiko.

Hiyo ni injini. Inaunguruma. Sikieni.

Imezimwa.

Nyamazeni. Huo... huo ni ufagio. Consolatha, si uko hapa miguuni? Na mkono huu ni wako, Kornel. Basi ni yeye. Anafagia vibaya, anakwaruza, anapandisha vumbi. Mwambieni ainame. Aanzie mlango wa jiko... pale pagumu... afagie polepole, mama yake asi... asishtuke.

Bado nimemkasirikia. Msimfiche hilo. Mwambieni baba alikufa na hasira zake. Udongo wa kwanza... mwachieni.

Na mama yenu... nitamkuta amesimama, shingo juu. Nitamwambia ashushe macho. Nitamwambia... amefika.