Kitovu cha Nani Kiko Chini ya Mstafeli

Njooni karibu, wanangu. Icilda, kaa hapa kitandani. Hopeton, hilo shoka kama huwezi kuliacha basi kaa nalo. Verona mke wangu, nawe sikiliza, ingawa miaka thelathini umenisikia mpaka umechoka.

Aliyelala hapa ni Astley Bromfield, aliyekuwa akichimba matuta mia tatu ya viazi vikuu kabla ya chai ya asubuhi, muulizeni yeyote kwenye mlima huu, na atakayesema mia mbili huyo ana wivu. Leo kikombe kinanishinda. Sukari imenila miguu, sasa inanila kichwa. Jana niliwaona dirishani mnapigilia vigingi na kuvuta kamba huko nyuma, nikaona mmepima kipande kirefu, chembamba, urefu wangu kabisa, nikasema moyoni, wanangu hawa wana haraka, wananipimia kaburi na mwenyewe bado nakunywa uji. Mpaka mama yenu akanicheka, akasema ni tuta la mchicha.

Mpango wenu nimeupenda. Icilda kauchora nyuma ya kalenda: mchicha hapa, vitunguu majani pale, pilipili mbuzi karibu na jiko, mbaazi ukutani ziwahi Krismasi. Shida ni mstafeli. Umesimama katikati unakula jua lote, na Hopeton anasema hauna mwenyewe, uende. Icilda akasema sawa, yeye anao mshelisheli wake, atauwekea benchi. Hapo ndipo kulipowaka. Hopeton akamuuliza, "Mshelisheli wako tangu lini, dada, na kitovu kilichozikwa pale ni changu? Hata kitovu unataka cha kuazima?"

Sasa sikilizeni, wanangu. Wote wawili mnasema kweli, maana wote wawili niliwaambia mimi. Mlipokuwa wadogo mkilia, nilimchukua huyu leo na yule kesho, nikawaonyesha mshelisheli, nikasema kitovu chako nilikizika hapa, mti nikaupanda juu yake, ndiyo maana mti huu unaonekana mpaka Kyuba. Nani atamwambia mwanawe kwamba mti wake ni ule mstafeli uliopinda kama mgonjwa? Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi ulimi wangu ulijikwaa miaka ishirini na nane.

Kwa hiyo mmoja wenu ni wa mstafeli. Na mnajua wenyewe, mtu wa uwanja huu akikatiwa mti wake ni kama amefutwa jina langoni. Akitoka ng'ambo na mabegi yake atasimama wapi aseme nimerudi? Ndiyo maana Icilda akaja hapa asubuhi, uso umemvimba, akaniambia, "Baba, leo nataka jibu, sitaki hadithi."

Jibu, mwanangu, ninalitafuta. Namwona mkunga, Mama Tamar, ananikabidhi kitovu kwenye kitambaa cheupe. La, cheupe kilikuwa cha pili. Au cheupe ndicho cha kwanza, cha pili kilikuwa cha maua? Mama yenu msimwulize, alikuwa kwenye siku zake tisa za ndani baada ya kujifungua, mlango umefungwa. Mashimo nilichimba mimi, miche nilipanda mimi, na mpaka hapo nilijua. Kisha kikaja kile kimbunga, nikaishika nyumba hii kwa mikono miwili isiruke, nanyi mmelala, na kulipokucha miche yote ilikuwa imelala kwenye tope. Nikairudisha. Kila mmoja kwenye shimo nililoliona kwanza. Sikujua lipi ni lipi, nikaona haya kusema. Mimi, Astley, kuona haya.

Nimekaa usiku na mchana nalipanga hili kichwani, nikidhani nimelishika, linateleza. Icilda... au ni wewe, Hopeton... Hapana. Sijui. Andikeni kwamba baba alisema sijui, maana hamtalisikia tena.

Basi wosia wangu ni huu. Mstafeli haukatwi, mshelisheli haukatwi. Atakayekata hajui kama anamkata mwenzake au anajikata mwenyewe. Hiyo ni kukata pua ukidhani unaunga wajihi. Kamba zivuteni upya, tuta lipinde lifuate ukingo wa kivuli. Mchicha upelekeni upande wa jua la asubuhi. Chini ya mstafeli pandeni tangawizi na magimbi, hayo hayagombi na kivuli. Benchi... benchi liwekeni mahali mnapoweza kukaa wawili.

Verona, niinue kidogo. Hivyo.

Hopeton, mwanangu, macho yangu yana ukungu. Liweke chini hilo shoka. Polepole, juu ya mbao, nisikie. Mungu awape mvua ya kiasi, awape mikono... mikono isiyo...

Bado sijasikia.

Haya. Nimesikia.