Boksi la Nusu Bei

Fundi cherehani alikuwa ameketi kiti cha nyuma ya muuguzi na mwashi basini, amefumba macho kama aliyesinzia, masikio ameyatega. Mbele yake muuguzi alikuwa amepakata boksi kubwa la vyakula, lile linalouzwa nusu bei kwa sharti kwamba hulifungui mpaka ufike nyumbani.

"La mwezi uliopita lilikuwa na nini, dada?" akauliza mwashi aliyeketi naye.

"Makopo arobaini ya chakula cha paka."

"Kumbe unafuga paka."

"Sikuwa naye. Lakini kaka, ningeacha chakula chote kile kiharibike? Nikatafuta paka."

Mwashi akamtazama kama anayetazama ukuta uliopinda. "Na anakula vizuri?"

"Anakula samaki wabichi, na wakishalala usiku mmoja hawagusi. Makopo ndiyo hayataki."

"Basi umepata hasara, dada."

"Hasara gani? Boksi lilikuwa nusu bei."

Fundi cherehani akauma leso asicheke. Watu wengine wakisikia punguzo, alijisemea, akili wanaiacha mlangoni.

Muuguzi akalitikisa boksi. Makopo yakagongana humo ndani. "Mume wangu ameapa. Likitoka la paka tena, anahamia kwa mama yake."

"Na likiwa la mbwa?"

Akafikiri. "Mbwa hakumtaja."

Basi likasimama, muuguzi akashuka. Fundi cherehani, ambaye kituo chake kilikuwa bado mbali, akashuka mbio nyuma yake kumuuliza duka la maboksi hayo hufungwa saa ngapi.