Ulimi wa Nyumba Apewe Jelka

Sogezeni viti, Lorenz na Burgi wanangu, na wewe Jelka mkamwana wangu usisimame mlangoni kama mgeni, kwa maana haya ninayasema mara moja tu, na pumzi niliyobakiwa nayo si ya kurudia maneno.

Nyumba na mashine ya kukamulia zabibu ni vya Lorenz. Shamba la kilimani ni la Burgi, na ile mizabibu ya kale aliyoipanda babu yenu asiing'oe mtu kwa kisingizio kwamba inazaa kidogo. Hilo ni jepesi. Zito ni la Jumapili iliyopita.

Mlikuwepo. Nusu ya kijiji ilikuwa mezani kwetu kwa sikukuu ya Mtakatifu Martin, bata bukini wametoka jikoni ngozi inatiririka mafuta, kabichi nyekundu na madonge ya viazi yanafuka moshi, nami, kama kila mwaka tangu baba yenu afariki, nikapewa glasi ya kwanza ya divai yetu nyekundu, Blaufränkisch, niihukumu kabla ya mtu yeyote kunywa. Nikainuka. Nikasema ina cheri nyeusi, ina pilipili manga, ina ule ukali unaokata mafuta ya bata. Nilisema kwa sauti, tena kwa madaha, na kumbe pipa lilikuwa limeingiwa na hewa, divai imegeuka siki. Mzee Pinter akakunja uso, akaniuliza, "Mama Regina, hii ni ya bata au ya kachumbari?" Watu wakacheka mpaka padri akajifuta machozi. Nami nikacheka nao, nisijue kinachochekwa.

Dawa za hospitali zimeniua ulimi tangu kiangazi. Supu naijua kwa moto wake tu. Niliwaficha, na wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilidhani kumbukumbu itanitosha, nikaisifu divai ya miaka iliyopita ndani ya glasi ya mwaka huu. Tangu siku ile nikifumba macho nayaona meno ya Pinter. Sikulia. Nimeona haya tu, haya ya kujifunika shuka usoni ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Lakini aibu yangu ni yangu. Lorenz, usiifanyie biashara. Jana nilisikia pampu huko chini kwenye ghala la mapipa, nikakusikia ukimwambia dada yako, "Tukiichanganya kidogo kidogo na ya kilimani, hakuna atakayejua, na jina la mama litapona." Halitaponea hapo, mwanangu. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Iacheni iwe siki, iuzeni kwa jina la siki, na tawi la msonobari lisitundikwe langoni kuita wanywaji mpaka pipa lile litoke humu ndani.

Jelka. Nilikuona. Uliionja wakati wa kumimina, ukasita, ukaniangalia, ukanyamaza. Ni mimi niliyekufundisha kunyamaza: mara ngapi nimekuambia mbele ya wageni, "Wewe umekuzwa kwa pombe kali ya plamu, divai utaijulia wapi?" Ulinyamaza kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyonivua nguo. Basi tangu leo ulimi wa nyumba hii ni wako, na Lorenz asiuze hata chupa moja usiyoikubali.

Shika haya. Hii si divai ya kubembeleza mtu. Ikiwa changa ina ukakasi unaokausha ufizi kama ganda la jozi, ivumilie, italainika. Ipe nyama yenye mafuta au moshi: bata, nguruwe wa kukaushwa kwa moshi, soseji ya damu, paa wa mwituni, mchuzi mzito wa pilipili nyekundu. Samaki wa ziwani usimwonee, mpe divai nyeupe. Wala usiiweke karibu na jiko. Ipandishe mezani ingali na ubaridi wa ghala la chini.

Maji, Burgi... Basi. Yatosha.

Mungu awape mvua kwa wakati wake na ukavu siku za mavuno, awaepushe mvua ya mawe, awape watoto wasioona haya kuinama shambani. Msigombane mbele ya wageni. Baraka yangu iwe juu ya mikono yenu yote sita.

Sasa, Jelka, lete glasi ya ile ya kilimani mnayotaka kuwapa watu siku ya kunizika. Onja hapa, mbele ya mumeo... Usiniangalie mimi. Iangalie glasi. Sema.

Bado? Sema kwa nguvu, masikio nayo yananikimbia... Bado ngumu, inataka mwaka mzima?

Basi lifungeni pipa. Lorenz, umesikia. Siku hiyo... wapeni watu bia. Na Pinter akiuliza divai iko wapi... mwambieni, Jelka amekataa.