Sauti Yenye Kufunga Milango: Maisha ya Papa Kasereka Léonard (1967–2024)

«Umeua quartier muzima! Hakuna tena muntu muzima mu Annexe, ni weye ulibamaliza!» Hivi njo Mama Domitille alisalimia marehemu mara ya kwanza, mu mwezi wa Juni 1993, mu commune Annexe ya Lubumbashi, na kitunga ya samaki ya kukausha ku kichwa, mbele ya bantu bote.

Marehemu alikuwa anatumika ku salle vidéo, nyumba ya kuonyesha film, ya Papa Hassani. Film ilikuwa inakuya mu Kingereza, hakuna mwenye kusikia kitu. Basi, mbele ya film, marehemu alikuwa anaweka télé inje, anaonyesha kipande kidogo, bande-annonce, na yeye njo anaisemea mu Swahili na mégaphone. Ile juma film ilikuwa ya mufu mwenye kutembea. Marehemu alipatia ule mufu sauti ya bibi muzee, ya upole: «Hodi? Hodi, batoto yangu?» Mulango inafunguka kidogo… pap! Anazima télé. Salle ilijaa siku ine. Lakini ku manyumba, muntu akipiga hodi, hakuna wa kujibu karibu. Na Domitille alikuwa anauzisha samaki nyumba kwa nyumba.

«Nimepiga hodi ku milango makumi mbili! Mama moja amenimwangia maji ya chumvi!»

Marehemu alimujibu: «Dada, piga hapa. Miye nitakujibu.»

Balifunga ndoa siku ya posho, samedi, tarehe 12 Agosti 1995, mu kanisa ya quartier Makomeno.

Tumeanza na ndoa, mutusamehe. Marehemu alizaliwa ku Butembo tarehe 2 Julai 1967. Jina Kasereka, kwabo Nord-Kivu, inasema mutoto mwanaume wa tatu. Alifika Lubumbashi mu 1979, juu ya camion ya baba yake mudogo, mufanyabiashara. Alisoma primaire yote, secondaire aliishia mwaka wa ine. Mwalimu alikuwa anamupatia kitabu asomee benzake, kisha kengele inalia, naye anafunga kitabu pahali pabaya makusudi. Batoto walikuwa wanamufuata mpaka ku nyumba yake, kuuliza mwisho.

Kazi yake aliijua. Papa Hassani alimuuliza siku moja, juu ya nini haonyeshe shetani yenyewe? «Papa Hassani, onyesha mulango tu. Kila muntu iko na shetani yake mu kichwa, na ile inapita ya film kwa ubaya.» Bantu walikuwa wanajifunika macho, vidole viko wazi. Banalia «Zima! Zima!», kisha banaingia mbio kutafuta kiti ya mbele. Na marehemu? Yeye alikuwa anabakia inje, anakula karanga. Hata film moja ya boga, ya kutia bantu woga, hakuimaliza mu maisha yake. Mwisho ilikuwa inamuogopesha.

Wakati ya téléphone ilipofika, binti yake Séphora alikuwa anakamata sauti yake na kuituma, na bantu mpaka Kipushi walikuwa banamusikia na kuwasha taa yote ya nyumba.

Mu Agosti 2023 sauti ilianza kukauka. Shiye ba famille tulipiga makofi. «Papa Léonard, hii sauti mupya, mama yangu, imetoka mu kaburi kabisa!» Papa Hassani aliomba bande-annonce tano ingine. Tulizituma kila pahali, tulicheka. Ilikuwa ugonjwa ya koo. Domitille peke yake njo aliona kama ile sauti iko hata wakati anaomba chumvi ku meza.

Marehemu alienda ku lopitalo peke yake, akarudia na karatasi mu mufuko. «Docteur amesema nipunguze pilipili.» Domitille alipunguza pilipili. Kila mara alimuuliza, alipata kipande: leo tension, kesho vumbi. Miezi sita bibi yake alilala pembeni ya muntu mwenye kujua, yeye hajue.

Balimupasua tarehe 11 Machi 2024. Hakuamuka. Alituacha siku ya ine, tarehe 14 Machi, na miaka makumi tano na sita.

Anaacha bibi yake Domitille, batoto batatu, Séphora, Damien na Estelle, bajukuu bane, na Papa Hassani, mwenye kulia sasa kupita ba famille. Mungu amupokee, alale bila boga.

Mama Domitille aliomba tumalizie na hii. Ile asubui ya tarehe 11, mu koridoo ya lopitalo, alimushika mukono: «Baba Séphora, miye si muntu wa salle. Docteur alikuambia nini? Sema yote. Utarudia?»

Marehemu alimuangalia sana. Alimutengenezea kitambaa ku kichwa. Muganga wa lopitalo alileta kiti ya magurudumu. Marehemu aliikataa na mukono. Alivaa malapa yake, ya kushoto kisha ya kuume, akatembea polepole mpaka ku mulango ya salle ya kupasulia, hakugeuka.