Miwani ya Mama Kumbukumbu na Hisa za Saruji

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuandika kumbukumbu za vikao, katibu wa Mfuko wa Wanafunzi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa kuwa namfahamu kuliko wengine. Ndivyo nilivyodhani mimi pia hadi mwezi uliopita. Sasa sina hakika kama namfahamu hata kidogo.

Kwa wasiojua, mfuko wetu si wa mazoezi. Wanafunzi wa uzamili hununua na kuuza hisa halisi kwa fedha halisi za chuo, na faida hulipia karo za wenzao wasio na uwezo. Mmoja anatetea pendekezo lake, wenzake wanapiga kura, na mhadhiri msimamizi, yaani mimi, anatia sahihi. Mama Kumbukumbu, kama tulivyozoea kumwita, kazi yake ilikuwa kuandika tu. Kura hakuwa nayo.

Lakini alikuwa na miwani. Kila kundi lilirithi siri hii kutoka kwa lililotangulia: Mama akivua miwani ukiwa katikati ya maelezo, pendekezo limekufa, kaa chini. Nilipokuwa mwanafunzi nilikipigia debe kiwanda kimoja cha sabuni. Akavua. Nikakaa, nikanywea. Miezi sita baadaye kiwanda kikafungwa, na tangu siku hiyo nikamwamini kuliko vitabu vyote, hata hivi ninavyofundishia.

Basi nilipokuwa nakusanya habari za wasifu huu, nikamwuliza alijuaje. Alinishangaa. Hesabu za kampuni, alisema, hajawahi kuzisoma, zinamletea usingizi. Miwani huivua msemaji anapoanza kuzungukazunguka, maana hapo hakuna cha kuandika, na miwani yenyewe inambana masikio.

Nilitoka pale kichwa kikiniwanga. Mfuko umekua karibu kila mwaka. Ni masomo yetu, ni bahati, au ni kweli kwamba anayezungukazunguka hajui anachonunua? Bado sijapata jibu, na mimi ndiye ninayetoa alama za somo hili.

Jumatano iliyopita ilitubidi kuamua kama tuuze hisa zetu za kampuni ya saruji, robo nzima ya mfuko. Tukikosea, karo za wanafunzi kumi na wawili zinayeyuka. Mama alikuwa amekwenda ofisi ya utawala kukabidhi funguo. Wanafunzi waligeukia kiti chake, wakakuta kiti. Wakabishana saa tatu nzima, wakapandishiana sauti, kisha kura zikasema tuuze.

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu Mama alipoingia. Binti aliyekuwa anaongoza kikao akamwuliza yeye angefanyaje. Mama akajibu kwamba kwa kuwa kazi si yake tena, atasema: angeziacha, asingeuza.

Chumba kizima kikanitazama, nami nikawatazama wao. Mwishowe binti yule akanisogezea karatasi, akasema kwa adabu kwamba Mama wamemsikia, na kwamba wanauza. Nikatia sahihi.

Tangu hapo hisa zile zimepanda kidogo, zimeshuka kidogo, na mimi sielewi lolote. Ninachojua ni kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa wanafunzi kumkatalia Mama, na sijawahi kumwona akiondoka kikaoni na furaha kiasi kile.

Asante, Mama, kwa kila ukurasa. Kapumzike na wajukuu, ulale hadi jua litoke, afya isikupungukie. Zile karo kumi na mbili sasa ziko mikononi mwetu.