Tenki Nililolichimba Mara Mbili

Mwadila, baba zangu! Mwadila, mayu, mama zangu! Itikieni kwa nguvu, anayesimama hapa leo si mtu wa kuitikiwa kwa mguno.

Mwenyekiti amesema mwaka huu kila mwanachama wa kikundi chetu atajengewa tenki la kuvuna maji ya mvua, na kwamba kabla ya kazi tusikie ushuhuda. Akaniangalia mimi. Angemwangalia nani? Mji mzima huu wa Bariadi, mwezi wa kumi, jua limekausha mpaka mate mdomoni, ni nyumba ngapi ukifungua koki yanatoka maji ya mvua ya mwezi wa nne? Semeni. Msione haya kunitaja.

Shule niliiachia darasa la nne. Baba alisema ng'ombe hawasomi ila wanakula, nikashika fimbo nikaenda machungani. Nimekulia nyuma ya mikia ya ng'ombe, na wale waliobaki darasani wakinicheka, leo watoto wao wanakuja kwangu na ndoo. Siwacheki. Nawapimia maji.

Mnakumbuka miaka ile ya rafu tupu, sabuni huipati mpaka uwe na shemeji kwenye duka la ushirika. Kisha serikali ikalegeza kamba, mtu binafsi akaruhusiwa kununua na kuuza na kuvuka mpaka. Wengi walikaa pembeni waone kwanza itakuwaje. Mimi sikuona kwanza. Nilifunga magunia ya dagaa Mwanza, nikapanda nayo malori, nikapanda nayo treni, mpaka Zambia, mji wa Kitwe, kwenye migodi ya shaba. Wale watu wanapenda dagaa, ndugu zangu! Wachimba migodi walikuwa wakinisikia sauti tu wanatoka na sahani.

Pale Kitwe nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane. Asubuhi ya kwanza namwona anafungua koki jikoni, maji yanaingia kwenye sufuria, na yeye wala hayatazami! Anaongea na jirani dirishani, anacheka, maji yanajaza yenyewe. Nikamkumbuka mke wangu, mgongoni mtoto, anafukua mchanga wa mto mkavu kwa kata, anangoja maji yajikusanye kama machozi ya mtu mgumu. Nikaapa palepale. Nikasema, mke wangu naye atajaza sufuria huku anacheka na jirani.

Nawaambia, kiapo kilikuwa kizuri. Mpango ndio ulikuwa na ugonjwa.

Nilirudi likizo fupi nikaweka msingi. Vyumba saba, nguzo mbele, baraza pana kama uwanja wa gulio. Mdogo wangu ndiye aliyebaki kusimamia. Akaniuliza, "Kaka, koki tutaweka. Maji yatatoka wapi?"

"Kwenye koki."

"Na kwenye koki yatafikaje?"

"Wewe umewahi kufika Kitwe?"

"Sijafika, kaka."

"Basi jenga."

Akajenga. Mimi kule nikawa nanunua vitu. Masinki. Koki zinazong'aa. Beseni la kuogea la kulala mtu mzima, jeupe, nililipandisha juu ya basi, abiria wakidhani nimebeba jeneza, wakawa wananipa pole njia nzima. Bomba la mji nilijua linakuja, maana watu wa serikali walishapita mtaani kwetu na vigingi. Vigingi vile, ndugu zangu, vilifungiwa mbuzi mpaka vikaoza.

Nikarudi nyumbani moja kwa moja, nikachinja, nikaita watu waione nyumba. Walipomaliza kula ugali na nyama, baba yangu mdogo akaenda kwenye sinki na mikono yake ya mafuta. Akafungua koki. Ikatoa pumzi, fyuuu, kama nyoka aliyekanyagwa. Akangoja. Watu wote wakangoja. Mwisho akaipungia mkono ile koki akasema, "Basi mwanangu, kama hujisikii, tutakuja siku nyingine." Wakacheka mpaka wakalala chini. Kesho yake kuku wetu alitaga ndani ya beseni la Zambia.

Hayo niliyavumilia. Lililonikata ni la mama mkwe wangu. Nyinyi ni Wasukuma kama mimi, mnajua mama mkwe na mkwilima, mume wa binti yake, hawatazamani usoni. Siku moja nimekaa barazani, namwona anakuja, ndoo ya maji kichwani, ametoka kwa ndugu yake ng'ambo ya mji. Mama mkwe! Amebeba maji anayaleta kwenye nyumba ya mkwe wake tajiri! Nikainama. Yeye akageukia mlango, akauambia mlango, "Mlango, mwambie mwenye nyumba, nimesikia koki zake zina kiu. Nimeziletea maji." Akaitua ndoo, akaondoka.

Nyumba yote ile ikanikaa mabegani.

Sikukaa nikilia. Mimi si mtu wa kulia. Kitwe niliwahi kuona tenki la chini ya ardhi kwenye shule moja, nikasema hilo ndilo jibu. Nikachimba nyuma ya nyumba. Kwa nini nyuma? Mbele palikuwa na uzuri wangu, nguzo, ngazi za saruji, maua. Na nyuma ardhi ilikuwa laini, udongo mweusi wa mbuga, jembe linazama lenyewe kama kisu kwenye kiazi cha kuchemsha. Nikapanga tofali, nikapiga plasta, nikafunga gata kwenye bati, masika ikajaza. Nikajaza pipa la juu kwa ndoo, nikafungua koki mbele ya watu. Maji! Nikamtafuta baba mdogo mtaa mzima aje anawe.

Mvua ikakatika, jua likashika. Na mbuga mnaijua. Ikilowa inavimba, ikikauka inapasuka mpaka mguu wa mbuzi unaingia. Ile ardhi ilishika tenki langu ikalivuta huku na huku kama watoto wawili wanaogombea shati. Asubuhi moja tunafunua mfuniko, ukuta umechanika kutoka juu mpaka chini. Pamba ya watu ilikuwa bado shambani, na maji yangu yote yameshakunywewa na nyufa.

Mke wangu alichungulia mle ndani. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kujibu.

"Baba watoto," akasema, "nyumba hii ni nzuri. Ningekuwa picha ningekaa ukutani humu maisha yangu yote. Lakini mimi ni mtu, nakunywa. Na watoto wako wanakunywa."

"Tutanunua kwa wenye mikokoteni."

"Siku mkokoteni usipokuja, watalamba koki?"

Akafunga nguo. Akaenda kwao Sola, kule Maswa, na watoto wote. Nilikwenda kumfuata, na mtu mzima wa ukoo kama inavyotakiwa, na shuka ya kumpoza mama mkwe mkononi. Shuka ilipokelewa. Mke hakutolewa. Mama mkwe alikaa upande wa pili wa ukuta, tukasikia sauti tu: "Binti yangu hajakataa mume. Amekataa kiu. Atarudi siku maji yatakapokaa humo ndani tangu watu wanapovuna pamba mpaka wanapopanda nyingine. Chini ya hapo msije kunisumbua."

Ndugu zangu, nani aliwahi kuwekewa sharti kama hilo? Wenzangu walidaiwa ng'ombe. Mimi nilidaiwa kiangazi kizima.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo nilipoinuka. Mwenye usingizi amtikise mwenzake.

Tulirudi kwa miguu sehemu ya njia, yule mzee wa ukoo yuko nyuma, mimi nimetangulia na hasira zangu. Nikapita mazizi mawili. La kwanza liko bondeni kwenye mbuga. Nguzo zake zimelala, moja kaskazini, moja kusini, kama walevi wanaotoka kilabuni, na mwenye zizi yuko pale na shoka anakata nyingine. La pili liko juu kidogo, kwenye ile ardhi nyeupe ngumu tunayoiita ibambasi. Nguzo zimenyooka, zimekuwa nyeusi kwa uzee, hakuna aliyezigusa tangu zilipochimbiwa. Nikasimama katikati ya njia. Mzee akadhani nimechomwa na mwiba.

Nilikuwa nalijua hilo! Mtoto yeyote aliyechunga ng'ombe analijua! Kila baada ya masika baba alikuwa akituambia, zizi usiliweke mbugani, ardhi ile haikai na mtu. Nguzo tu inaisukuma, itaacha kusukuma ukuta wa tofali? Nilivuka nchi za watu, nikaona saruji za watu, nikadhani saruji ni kubwa kuliko ardhi. Elimu ya kuniokoa nilikuwa nayo tangu nachunga, nimeifungia kwenye gunia la dagaa.

Na ibambasi yangu ilikuwa wapi? Mbele. Chini ya ngazi, chini ya maua. Mdogo wangu alikumbuka kuwa siku ya msingi jembe lilidunda pale.

Nikavunja ngazi zangu kwa mkono wangu. Watu wakapita wakiuliza kama nimerogwa. Nikamwita nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa kazi, aje na kundi lake na ngoma yao. Akapiga jembe moja, likamrudia usoni.

"Baba, huu si udongo. Hili ni jiwe limelala."

"Ndiyo nalitaka."

"Na vijana watakula nini?"

"Dume."

"Dume tulione kwanza. Vitu vyako vinapendeza kwa nje, baba, lakini ndani huwa havina kitu."

Wakacheka, nami nikacheka, maana kijana alikuwa na haki. Dume waliliona, wakalipapasa mbavu, wakakubali. Wakachimba kwa ngoma na sururu, wimbo wao ukinisema mimi na koki zangu, na mitaa ya jirani ikaja kusikiliza. Niliimba nao. Mtu akikuchimbia tenki mwache akuimbe anavyotaka. Fundi akalivika shimo wavu wa kuku na saruji, duara, bila kona, maana kona ndipo ufa unapoanzia. Tukafunika. Juu tukaweka pampu ya mkono, na pipa kwenye mnara wa mbao la kulisha koki za ndani.

Na sasa nisikie mtu akiniambia nyumba yangu ni kubwa ya majivuno! Vyumba saba ni bati nyingi, na bati nyingi ni shamba la mvua. Mvua ya kwanza tuliimwaga, imeosha vumbi na mavi ya ndege. Zilizofuata gata lilinguruma, tenki likanywa mpaka likacheua. Mtu wa vyumba viwili angejaza nusu. Mimi nilijaza lote.

Pamba ikavunwa. Maji yapo. Visima vya mchangani vikashuka, wanawake wa mtaa wakaja, nikawaambia kila nyumba ndoo yake asubuhi. Nilipima kila wiki kwa mti mrefu. Maji yanashuka, lakini yapo. Mbuga ikapasuka huko nyuma, huku mbele ukuta haukutikisika. Mwezi wa kumi, yapo. Watu wakaanza kutifua mashamba ya kupandia.

Asubuhi moja nasikia pampu inalia, nachungulia, foleni ya akina mama kama kawaida. Wa mwisho amejitanda khanga mpaka puani. Zamu yake ikafika. Akapampu. Akakinga kiganja, akaonja, akatema kidogo, akaonja tena. Kisha akashika ndoo yake, akapita kwenye mlango wa mbele kama mwenyewe, hakunisalimia, hakuniuliza hali. Akaenda jikoni akabandika maji ya ugali.

Nilibaki barazani na mti wangu wa kupimia. Nikasikia anamwita jirani dirishani.

Ndugu zangu, wabeja, asanteni. Wabeja mdogo wangu, uliyeuliza swali ukaambiwa unyamaze. Wabeja vijana wa ngoma. Wabeja mama mkwe wangu, yuko pale nyuma, simtazami, lakini anajua ninamsema. Bila ndoo yake ningekuwa bado nang'arisha koki. Na mke wangu, wabeja kwa kuondoka na wabeja kwa kurudi.

Ninyi wenye watoto nje, wanaotuma maagizo ya nyumba kutoka nchi za watu, wapelekeeni neno langu. Kule walikopanga, maji yalitangulia, nyumba ikafuata. Huku kwetu nyumba ikitangulia itakaa na kiu. Kabla ya kuchagua rangi ya sinki, ajue miezi ya ukame ni mingapi na nyumbani mwake wanakunywa watu wangapi. Atenge nafasi ya tenki kabla ya nafasi ya gari. Na mahali pa tenki asichague kwa macho.

Mwenyekiti, nimeona kuna mayu hapa amepata kiwanja, na tofali zake zinaanza kupangwa wiki ijayo. Tusiimbe wala tusiombe kwanza. Majembe yako pale mlangoni. Twende sasa hivi tukapige ardhi yake, pande zote nne, mpaka tupate mahali jembe linaporuka.